Tulipokuwa Tunabeba Jar kwa Boti

Kijana anayeanza kuandika programu za Java leo hajui folda ya lib ilikuwa ya nini. Anafungua faili ya pom.xml, anaandika jina la kundi, jina la kifurushi na namba ya toleo, anahifadhi, halafu anaiachia zana iitwayo Maven. Kama mega zipo kwenye simu, baada ya muda mfupi kila anachohitaji kimeshuka na kujipanga mahali pake. Muulize mafaili yale yametoka wapi, atakujibu, "Si yako Central, Yaya" (ndivyo tunavyomwita mkubwa). Muulize Central ni ya nani na iko wapi, atacheka na kuendelea na kazi.

Sisi wa zamani kidogo, tulioijua kazi hii tukiwa kati ya Mpala na Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, tulijua kila jar ilikotoka. Tungekosaje kujua, nasi ndio tulioibeba?

Nimweleze kwanza msomaji asiye fundi. Hakuna programu inayoandikwa yote na mtu mmoja. Namna ya kuzungumza na hifadhidata ameshaiandika mwingine, namna ya kuweka kumbukumbu za makosa ameiandika mwingine, ya kuchapa PDF mwingine tena. Kazi hizo za watu, katika Java, hufungwa ndani ya faili za jar, nasi tunaziita vitegemezi. Zana ya kujengea programu hukusanya maandishi yako pamoja na vitegemezi vyake, hukompaili, hupakia, na mwishoni hukutolea faili moja ya kumpelekea mtumiaji. Ili ifanye hivyo inahitaji kujua programu hii ni nani na inamtegemea nani. Hilo la kwanza ndilo linaloitwa metadata.

Mtu wa Mpala hahitaji maelezo marefu juu ya metadata. Kwetu maandishi ni mambo ya zamani. Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo chake hapo mwaka 1883, mto Lufuko unapoingia Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885 kituo kilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, na baadaye kapteni Joubert akaja kukilinda. Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917 akawa Mkongomani wa kwanza wa enzi ile ya Wabelgiji kuwa padri, alianzia seminari Mpala. Pamoja na yote hayo kuna daftari la ubatizo: jina la mtoto, siku, baba na mama, msimamizi, padri aliyebatiza, na pembeni nafasi ya kuandika ndoa itakapokuja. Mzaliwa wa Mpala akitaka kufunga ndoa Lubumbashi, ataombwa hati iliyotolewa kwenye daftari lile. Asipokuwa nayo, hata awe mwimbaji mzuri namna gani wa kwaya, padri wa huko hamjui. Basi pom.xml ni daftari hilo. Kundi ni ukoo, kifurushi ni jina la mtu, na vitegemezi ni wasimamizi, ambao nao walikuwa na wasimamizi wao.

Sisi hatukuwa na daftari. Tulikuwa na Ant.

Ant ilitoka mwaka 2000. Aliyeianza, James Duncan Davidson, alikuwa amechoshwa na Make, zana iliyokuwepo tangu 1976 na ambayo haikuelewana vizuri na kila aina ya kompyuta. Ant ilikuwa mtumwa mtiifu: katika build.xml unaiambia chukua mafaili haya, kompaili, weka pale, fungasha. Habari ya vitegemezi haikuihusu. Unavitafuta mwenyewe, unavitia kwenye folda ya lib, unaielekeza folda ilipo, basi.

Kuvitafuta ndiko kulikokuwa na kazi. Kalemie ya miaka ile ilipata intaneti kwa dishi la setilaiti, na waliokuwa na madishi walikuwa mashirika na kafe chache za kulipia kwa saa. Mpala hakukuwa na kitu. Nilikuwa nikifanya kazi na yaya mmoja aliyesoma Lubumbashi, tukiandika programu ndogo ya hesabu za dawa kwa ajili ya vituo vya afya vya kando ya ziwa: kilichoingia, kilichotoka, kinachokaribia kuharibika. Kabla ya yeye kupanda boti ya Kalemie tulikaa na karatasi tukaandika tunachotaka, kama mama anavyoandika vya kununua sokoni: kiunganishi cha MySQL, log4j, commons-lang, ya kusomea Excel. Alikwenda, akaketi kafe, akapakua moja moja, akatia kwenye flashi, akaifunga flashi ndani ya mfuko wa plastiki na mfuko ndani ya mfuko, kwa sababu boti za mbao zinaingiza maji na upepo wa kiangazi ziwani haumwogopi mtu.

Akifika, hakuna kupumzika. Flashi inachomekwa, jar zinanakiliwa, tunawasha jenereta, tunaamuru Ant ijenge. Mara nyingine ilijenga. Mara nyingine ilikuja NoClassDefFoundError, maana yake kuna jar ambayo jar uliyoileta inaitegemea, na wewe hukuileta kwa kuwa hukujua. Hapo hakuna la kufanya. Unaandika jina lake kwenye karatasi mpya na kusubiri boti ijayo.

Najua namna kumbukumbu inavyopamba mambo, kwa hiyo niseme wazi kwamba folda ile ilikuwa fujo. Jar nyingi zilifika bila namba ya toleo. Tulikuwa na commons.jar, kisha commons-mpya.jar, kisha commons-mpya2.jar, na hakuna aliyethubutu kufuta hata moja. Ukitaka kujua umri wa jar unaifungua kwa programu ya zip, unaingia folda ya META-INF, unafungua faili ya MANIFEST.MF kwa Notepad na kuomba Mungu aliyeifunga awe aliandika mstari wa Implementation-Version. Wengi hawakuandika. Unakuta mistari miwili tu: toleo la manifesti na jina la Ant iliyofungasha. Hapo ndipo nilipoichukia kazi ya mtu asiyeandika jina lake juu ya kitu alichokitengeneza. Na ubaya zaidi ni matoleo mawili ya kitu kimoja kukaa folda moja. Programu inakompailika bila neno, inafungashwa, inapelekwa kituoni, halafu siku muuguzi anabonyeza kitufe cha ripoti ya mwezi inaanguka na NoSuchMethodError, kwa sababu Java imeishika jar ya zamani badala ya mpya. Muuguzi hajui NoSuchMethodError. Anajua tu kwamba ripoti inasubiriwa kwenye zoni ya afya.

Maven 1.0 ilitoka 2004 na Maven 2 ikafuata 2005, lakini kwetu ilichelewa kama kila kitu. Yaya aliporudi nayo alizungumza kama mtu aliyeongoka. Hakuna tena karatasi, hakuna tena commons-mpya2. Unaandika jina kamili na toleo, na Maven inatafuta kitegemezi, inatafuta vitegemezi vya kitegemezi, na vya hivyo tena, mpaka mwisho wa ukoo. Matoleo mawili yakigongana, inachagua lile lililo karibu zaidi na mradi wako kwenye mti. Kilichowekwa kwenye hazina kuu, Maven Central, hakibadilishwi wala hakifutwi. Toleo lile ni lile milele. Tena Central ina masharti: mwenye kifurushi aandike jina, maelezo, anwani, leseni, waandishi, na mahali maandishi ya programu yalipo. Mimi niliyekuwa nimechoka kuchungulia MANIFEST.MF tupu, masharti yale yalinifurahisha kuliko mengine yote.

Kisha tukaijaribu, katika kafe ya Kalemie.

Maven inapokuja kwako ni karibu tupu. Hata kuiamuru ifute folda ya kazi, kabla haijafuta kitu inashuka mtandaoni kutafuta kiambatisho cha kufutia. Tuliandika vitegemezi vinne vitano, skrini ikaanza kuteremka: Downloading, Downloading, Downloading, majina tusiyoyaomba na tusiyoyajua, huku saa ya kafe ikihesabu pesa. Mafundi duniani kote walikuwa wakitania kwamba Maven inapakua intaneti nzima. Utani ule ni mtamu kwa mwenye intaneti. Sisi umeme ulikatika katikati. Uliporudi, Maven ilikataa hata kujaribu tena: ilikuwa imeacha kwenye folda ya .m2 vifaili vinavyoishia na .lastUpdated, alama kwamba kitu hiki kilitafutwa kikakosekana, kisitafutwe tena mpaka muda fulani upite. Ilituchukua muda kugundua kwamba unaweza kuilazimisha kwa -U, au kuvifuta vifaili vile kwa mkono. Mpaka leo nikiona .lastUpdated nasikia harufu ya dizeli.

Tulipata njia, na njia yenyewe ilikuwa ya kuchekesha. Mtu mmoja anajenga mradi Kalemie mpaka unakamilika, halafu ananakili folda nzima ya .m2 kwenye flashi, anapanda boti, anaimwaga kwenye kompyuta ya Mpala, na huko tunajenga kwa -o, yaani bila mtandao. Kwa hiyo tulikuwa tumerudi kubeba jar kwa boti. Tofauti ni kwamba mzigo sasa ulikuwa mkubwa mara nyingi zaidi, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema kilichomo.

Nilichokipenda zaidi wakati ule nilikiona katika OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, na mwaka huohuo ikaingia Rwinkwavu, Rwanda. Ilikuwa ya kwetu kwa maana ya mahali ilipokomaa: kliniki za Afrika Mashariki, umeme wa kubahatisha, wauguzi wenye foleni mlangoni. Kila moduli ya OpenMRS ina faili yake ya config.xml, nami niliisoma kama gazeti. Kitambulisho, jina, toleo, mwandishi, maelezo ya moduli inafanya nini, toleo la OpenMRS inalolihitaji, na moduli nyingine inazozitegemea. Moduli ikikosa mwenzake inayemtegemea haianzishwi, nawe unaambiwa ni nani aliyekosekana. Haisubiri muuguzi abonyeze kitufe. Niliona hapo kwamba mistari ile ya juu, ambayo vijana huijaza kwa kunakili ya mradi mwingine na kuacha maelezo yakisema "Demo project", inaweza kuandikwa kwa ajili ya mtu atakayekuja nyuma yako.

Miaka iliyofuata mtandao ulitufikia kwa simu, na karatasi, flashi na plastiki vikasahaulika. Tukazoea. Na kila tulipozoea, dunia ilitukumbusha kidogo. Machi 2016 mtu mmoja huko kwa wenzetu wa JavaScript alikasirika akaondoa vifurushi vyake kwenye hazina ya npm. Kimoja, left-pad, kilikuwa na mistari 11 tu, na miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengeka siku hiyo. Januari 15, 2020, Maven Central iliacha kupokea maombi ya http bila s. Miradi ya zamani iliyokuwa na anwani ya zamani ikapewa kosa la 501 na kusimama. Februari 2021 ikatangazwa kwamba hazina ya JCenter inafungwa, na watu wa Android wakaanza kuhama mbio. Desemba mwaka huo ikaja Log4Shell, tundu ndani ya Log4j 2 lililomruhusu mtu wa mbali kuendesha amri zake kwenye seva yako. Swali la asubuhi ile ofisi nyingi lilikuwa moja: je, sisi tunayo? Walioandika Log4j wenyewe kwenye pom.xml walijua. Wengi ilikuwa imewaingilia kwa mlango wa kitegemezi cha kitegemezi, na ilibidi waamuru mvn dependency:tree na kupanda tawi kwa tawi kuitafuta. Folda yetu ya lib ingejibu kwa kuitazama tu. Tena ingejibu kwamba tunayo log4j 1.2, ambayo tundu lile haikuwa nalo, si kwa ujanja wetu bali kwa uzee wake. Watunzaji wake walishatangaza mwisho wake tangu 2015.

Lililoniuma ni la karibu zaidi. Vituo vya kando ya ziwa vilipewa programu mpya ya dawa, nzuri kwa macho, iliyoandikwa na kampuni moja kwa pesa za mradi. Programu yetu ikastaafishwa. Mradi ukaisha, kampuni ikaondoka, na siku zoni ilipotaka kuongeza dawa moja na safu moja kwenye ripoti, nikaitwa. Maandishi ya programu yalikuwepo, yote, kwenye diski. Nikafungua pom.xml. Ilikuwa safi, imepangwa vizuri kuliko yetu yoyote. Lakini vitegemezi viwili vilikuwa vya kampuni yenyewe, toleo likiishia na SNAPSHOT, maana yake kitu ambacho bado kinabadilika, na vilitakiwa kutoka hazina ya kampuni. Seva ya hazina ile haipo tena. Mahali pa waandishi palikuwa patupu. Mahali pa kuonyesha maandishi ya awali yalipo, patupu. Nilipiga namba niliyopewa, haikupokelewa. Majina ya vile viwili yapo hadi leo kwenye faili, yameandikwa kwa unadhifu, na hakuna mtu tunayemjua mwenye vitu vyenyewe.

Kijana niliyekuwa naye akasema, "Lakini Yaya, Maven si inahifadhi kila kitu?" Inahifadhi ulichokishusha, kwenye mashine uliyoshushia. Mashine iliyojengea programu ile iliondoka na wenyewe.

Kwa hasira tu, au kwa kiburi cha uzee, nikaitoa ile ya kwetu kwenye diski ya zamani. Java mpya iliikataa, ikasema haikubali tena maandishi ya toleo la 5. Nikaweka Java 8. Nikaamuru ant. Haikuuliza intaneti hata mara moja. Ilikompaili, ikanung'unika maonyo, ikafungasha. Zile commons-mpya zote zilikuwepo, na yaya aliyezileta kwenye mfuko wa plastiki siku hizi yuko Kolwezi, anafanya kazi nyingine kabisa.

Sitaki mtu asome haya akadhani nataka turudi kwenye lib. Programu ile ya zamani ina vitegemezi ambavyo nisingethubutu kuviweka kwenye mashine inayogusa mtandao leo. Haikusema inataka Java gani, ilibidi nikumbuke. Anayekuja baada yangu hatakumbuka. Daftari ni lazima. Ninachosikitikia ni kwamba tulipopata daftari tuliona hakuna haja ya kumtunza mtoto mwenyewe.

Siku hizi, kwa kazi zangu, ninafanya yote mawili. Kalemie nina kompyuta ya zamani inayoendesha Nexus, na kila kinachoshuka kutoka Central kinapita kwake na kubaki hapo. SNAPSHOT haitoki mikononi mwangu kwenda kwa mteja. Namba za matoleo naziandika kamili. Maelezo, leseni, waandishi na anwani ya maandishi navijaza hata kama hakuna anayenidai. Ninapokabidhi, natoa diski yenye maandishi, hazina na Java yenyewe. Ni kazi ya kuchosha na hailipwi zaidi.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wenye kulipa: wakuu wa zoni za afya, maparokia, mashirika, wakurugenzi wa shule mnaoandikiwa programu. Kabla ya kutoa malipo ya mwisho, leteni kompyuta ambayo haijawahi kuona mradi ule, ondoeni mtandao, mpeni fundi diski aliyoileta, na mwambieni ajenge programu mbele yenu. Ikijengeka, mlipeni na mumshukuru. Isipojengeka, msimlipe mpaka aje nayo kamili.